Usichore Tena: Vitu Vinavyojificha Ndani ya Modeli ya Jengo

Hotuba kwa wachora ramani vijana, Dar es Salaam

Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Wadogo zangu huko nyuma, habari za asubuhi. Naona wengine mmeshafungua kompyuta kabla sijaanza. Zifungeni kidogo, tutazihitaji baadaye.

Nianze na simu. Ilipigwa saa nne usiku, na aliyepiga ni kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Ukuta umepotea."

Umepoteaje?

"Jana ulikuwepo. Leo nimefungua faili, haupo. Na kesho saa mbili mteja anafuata ramani azipeleke halmashauri kuombea kibali. Niuchore tena?"

Nikamwambia, toa kwanza mkono kwenye kipanya.

Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye kikao cha ukoo ni kweli kabisa, ukichelewa utakuta urithi umeshagawanywa. Kwenye modeli ya jengo mambo ni kinyume. Asiyeonekana lake lipo, linahesabiwa, na siku moja litakuja kudai.

Najua kwa sababu lilinidai mimi. Mwaka wangu wa pili wa kutumia Revit, programu ya kuchorea modeli za majengo, tulikuwa na jengo la hosteli. Nilifungua plani ya ghorofa ya chini nikakuta nguzo hazipo, hata moja. Ukuta upo, milango ipo, nguzo hakuna. Nikajiambia kwamba mwenzangu amezifuta kwa bahati mbaya, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi, sina haja ya kuulizana na mtu jambo dogo. Nikaweka nguzo 18, moja kwa kila makutano ya gridi, ile mistari ya kupangia nguzo, sentimita 30 kwa 30. Nilipomaliza, pembeni chini kulia kikatokea kisanduku cha manjano. Kilisema kuna vitu viwili vinavyofanana mahali pamoja na kwamba vitahesabiwa mara mbili kwenye majedwali. Nikabofya alama ya kukifunga. Nani asomaye visanduku vya manjano saa kumi na moja jioni?

Wiki mbili baadaye akaja mkadiriaji majenzi wetu, mama wa makamo, mtulivu, miwani yake ameifunga kwa kamba shingoni. Akaweka karatasi mezani kwangu na kuniuliza, "Mwanangu, hiyo ghorofa ya chini inabebwa na nguzo ngapi?"

Nikajibu, 18, mama.

"Jedwali lako linasema 36."

Nguzo moja ya 30 kwa 30 yenye urefu wa mita 3 ni zege meta za ujazo 0.27. Nguzo 18 ni 4.86. Karatasi yake ilisoma 9.72, pamoja na nondo na mbao za fomu za nguzo ambazo hakuna ambaye angezijenga. Mwenzangu hakuwa amefuta chochote. Alizificha nguzo zile katika mwonekano ule mmoja tu, apate plani safi ya kumwonyesha mteja mpangilio wa vitanda. Basi.

Kwa hiyo nililokuja kulisema leo ni hilo, na nitalizunguka mpaka mnichoke. Usichore tena. Kitu kikikosekana machoni, kazi yako ya kwanza ni upelelezi. Kuchora kutafuata, ikibidi.

Sisi tulioanza zamani tunaumwa ugonjwa huu kuliko nyinyi, na sababu yake naijua. Mimi nilianza kwenye meza ya kuchorea. Treisi, kalamu za Rotring, na wembe. Ukikosea mstari wa wino unaukwangua kwa ncha ya wembe polepole, ukizidisha nguvu karatasi inatoboka na unaanza upya. Pale kisichoonekana kwenye karatasi hakipo, mjadala umekwisha. Tukaja AutoCAD, programu ya kuchora mistari kwa kompyuta, ambako mstari unaweza kulala kwenye leya (tabaka la mchoro) iliyozimwa, lakini bado ulikuwa mstari. Revit ilipozaliwa Massachusetts, kwenye kampuni iliyoanzishwa mwaka 1997 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002 kwa dola milioni 133, ililetwa na fikra nyingine kabisa. Jengo ni moja. Plani, mkato, sura ya mbele, picha ya pande tatu na hata jedwali la milango ni madirisha tu ya kulichungulia jengo hilo hilo. Kila dirisha lina mapazia yake, na mtu akivuta pazia la dirisha la jikoni, sebule haijui.

Sasa, upelelezi. Swali la kwanza si "nitakirudishaje?" Swali la kwanza ni "kipo?" Wengi wanaruka hapa. Wanatumia saa nzima kufungua mapazia ya kitu ambacho kweli kilifutwa, au wanachora upya kitu ambacho kipo.

Fungua mwonekano wa pande tatu, ule wenye kialama cha nyumba ndogo juu kabisa. Ukikiona humo, umeshapata jibu. Usipokiona usikate tamaa, kwa sababu na huo una mapazia yake, hasa lile sanduku la kukatia ambalo mtu aliliwasha mwezi uliopita akasahau. Shahidi ninayemwamini zaidi ni jedwali. Tengeneza jedwali la haraka la kuta, au nguzo, au chochote unachotafuta. Jedwali halijali kama kitu kimefichwa kwenye plani, linahesabu tu. Lina vichujio na awamu yake, sawa, kwa hiyo tengeneza jipya lisilo na masharti. Ukiuona mstari wa kitu chako, uchague, halafu bofya kitufe cha kukionyesha kwenye modeli. Programu itakutafutia dirisha ambalo kinaonekana. Mara nyingine itakujibu kwamba haikupata mwonekano mzuri, na jibu hilo nalo ni habari: kitu kipo, ila kila dirisha lililopo limekifungia.

Kuna na ile namba. Kila elementi, yaani kila kitu kilichomo kwenye modeli, ina namba yake ya utambulisho, kama sisi tulivyo na ya NIDA, tena yenyewe inatoka siku hiyo hiyo. Mwenzako akikuandikia namba ya ukuta, unaiingiza kwenye sehemu ya kuchagua kwa namba na ukuta unakamatwa hata kama huuoni. Wahandisi wanaotumiana taarifa za migongano ya mabomba na bimu wanaishi kwa namba hizo.

Haya, kipo. Sasa kwa nini dirisha hili linakataa kukionyesha?

Tazameni ule mstari mdogo wa vialama chini ya mwonekano. Kuna miwani na kuna balbu. Watu wanavichanganya kila siku, na ni vitu viwili tofauti. Miwani ni ya kuficha kwa muda. Unachagua kitu, unabonyeza H mara mbili, kinaondoka, na dirisha lote linazungukwa na fremu ya samawati. Unabonyeza H na I, kinabaki chenyewe na vingine vyote vinaondoka. Ukimaliza, H na R, kila mtu anarudi. Nusu ya simu ninazopigiwa zinaishia hapa. Namuuliza mtu, "Fremu ya skrini yako ina rangi gani?" Anakaa kimya kidogo, kisha anasema, "Ahaa. Asante kaka," na kukata.

Balbu ni ya kufichua vilivyofichwa kabisa. Bonyeza R na H. Fremu inageuka zambarau ya kuiva, vitu vya kawaida vinafifia kuwa kijivu, na vilivyofichwa vinajitokeza kwa rangi hiyo hiyo ya zambarau kama watoto waliokuwa nyuma ya mlango. Unachagua, unabofya kitufe cha kulia, unakifichua. Utaulizwa: elementi yenyewe au kategoria yake? Hapo soma vizuri. Kama aliyeficha alificha kategoria nzima ya fanicha, hutafanikiwa kwa kufichua kiti kimoja. Nguzo zangu 18 zilikuwa umbali wa mbofyo mmoja wa balbu. Mmoja!

Ila balbu nayo ina kikomo, na hapo ndipo penye utamu wa kazi. Balbu hufichua kilichofichwa. Haiwezi kufichua kilichoko nje ya eneo ambalo dirisha linatazama. Sasa tuongee habari ya dirisha la kweli, dirisha la choo.

Kila mchora ramani wa nyumba nchini amelichora. Futi mbili kwa mbili, limekaa juu ili jirani asichungulie, kizingiti chake mita 1.8 kutoka sakafuni. Unaliweka kwenye sura ya nyuma, linapendeza. Unarudi kwenye plani, hakuna dirisha. Ukuta umenyooka kimya. Unaliweka tena. Programu inakupa kile kisanduku cha manjano, au inakubali kimyakimya kwa sababu umesogeza kidogo, na sasa una madirisha mawili yaliyopishana sentimita tano ukutani na hujui.

Kilichotokea ni hiki. Plani si picha ya nyumba iliyotazamwa kutoka angani. Plani ni nyumba iliyokatwa msumeno kwa mlalo, kipande cha juu kikawekwa kando, kisha wewe ukasimama ukatazama chini ndani ya kipande kilichobaki. Kama papai ulilolipasua. Swali ni msumeno umepita urefu gani. Kwenye templeti za mita za Revit, yaani mafaili ya kuanzia kazi, unapita milimita 1200 juu ya sakafu ya ghorofa husika. Dirisha la sebuleni lenye kizingiti cha 900 linapasuliwa katikati, linaonekana. Dirisha la choo linaanzia 1800. Msumeno umepita chini yake kwa sentimita 60. Limeondoka na kipande cha juu.

Mipaka hiyo iko kwenye sifa za mwonekano, mahali wanapopaita viu renji, yaani upeo wa kutazama. Ina namba nne: juu, mkato, chini, na kina. Kijana wa kawaida akishaelewa, furaha inampeleka kubadilisha mkato kuwa 2000 kwa plani nzima. Dirisha la choo linatokea, anashangilia, anachapisha. Hajatazama ngazi, ambayo sasa imekatwa mahali pengine kabisa, wala makabati ya juu ya jikoni ambayo sasa yamepasuliwa. Umetibu jino, umeharibu taya.

Dawa yake ni kipande cha plani. Nenda kwenye kichupo cha mionekano, kwenye aina za plani, chagua eneo la plani, chora mstatili unaolizunguka lile dirisha tu na ukuta wake, kisha mpe mstatili huo mkato wake wa 2000. Msumeno unapanda ngazi pale chooni na kushuka tena 1200 sebuleni. Mstari wa mpaka wenyewe unaweza kuuzima usichapishwe.

Nalikazania dirisha hili kwa sababu nimeona matokeo yake yakiwa matofali. Fundi kule kiwanjani hana Revit. Ana karatasi ya A3 iliyokunjwa mara nne, ina alama ya kikombe cha chai, na ukurasa anaoufungua kila asubuhi ni plani. Sura ya nyuma iko ukurasa wa saba. Alijenga ukuta wa choo mzima mpaka kwenye lenta, vizuri, umenyooka kwa timazi. Dirisha lilitobolewa baadaye kwa patasi na nyundo, mwenye nyumba akiwa amesimama pale mikono kiunoni. Mchoraji alikuwa na hoja kwamba dirisha lipo kwenye modeli. Lilikuwepo kweli.

Namba ya nne, kina, inaumiza upande wa chini. Katika templeti nyingi kina kimewekwa sifuri, sawa na usawa wa sakafu, kwa hiyo vitu vingi vilivyo chini ya hapo havina haki ya kuonekana. Msingi uko mita 1.2 chini ya ardhi. Mhandisi anafungua plani ya ghorofa ya chini, anakosa besi za nguzo, anapiga simu kwa hasira. Shusha kina hadi milimita 1500 chini ya sakafu, zitatokea. Waliofanya kazi Mwanza wanajua hadithi hii vizuri zaidi: nyumba imekaa juu ya mawe, sebule ipo hapa, vyumba vimeshuka sentimita 90 upande wa ziwa, na plani moja inatarajiwa ionyeshe vyote. Bila kurekebisha viu renji, baadhi ya vitu vya vyumba vile vinapotea kana kwamba kilima kimevimeza.

Na kuna kioja kidogo nisichokipenda lakini lazima mkijue. Ukuta mfupi kuliko futi 6, programu haiukati hata kama msumeno umeupitia. Inauonyesha kama kitu kinachotazamwa kutoka juu. Kwa hiyo uzio wako mfupi utaonekana na mistari myembamba bila ile rangi nzito ya mkato, na utadhani umekosea. Hujakosea. Ndivyo walivyoamua wenyewe.

Tukiacha viu renji, mapazia mengine nitayapita haraka, isipokuwa moja.

Taaluma ya mwonekano. Kwenye sifa kuna sehemu inayouliza mwonekano huu ni wa usanifu, wa miundo, wa umeme au wa nini. Ukiweka miundo, kuta zisizobeba mzigo zinaondoka zote. Kwetu, ambako jengo la ghorofa ni fremu ya zege na matofali ya kujazia tu, maana yake ni kwamba karibu kila ukuta unatoweka, na unabaki na nguzo zimesimama kama mashina baada ya moto. Hakuna balbu itakayozirudisha. Badilisha taaluma.

Awamu. Hii ni ya watu wa ukarabati. Fikiria nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, eneo lililoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kuta nene za mawe ya matumbawe ni za awamu iliyopo, ukuta wa bafu jipya ni wa awamu mpya. Ukiwa kwenye plani iliyowekwa awamu iliyopo, chora bafu uchoke, halitaonekana, maana kwa dirisha hilo bafu halijajengwa bado. Na ukuta uliouweka alama ya kubomolewa hauonekani kwenye plani inayoonyesha kazi iliyokamilika. Hapo programu inasema kweli tupu. Wewe ndiye umesimama kwenye mwaka usio wako.

Wokseti, yaani mafungu ya vitu ndani ya faili, kwa wanaogawana faili moja ofisini: elementi yako imeangukia wokseti ambayo mwenzako ameizima, au wewe mwenyewe uliifunga wakati wa kufungua faili ili kompyuta isilemewe. Kila mtu aangalie chini ya skrini ni wokseti gani iko hai kabla hajaweka kitu cha kwanza asubuhi. Mabomba yote ya maji safi ya jengo moja niliwahi kuyakuta ndani ya wokseti ya fanicha.

Gridi. Umeongeza ghorofa ya tano na mistari ya gridi haipo huko juu. Gridi kwenye Revit si mstari, ni kama karatasi ngumu iliyosimama wima kutoka chini hadi juu, na karatasi yako imeishia ghorofa ya nne. Nenda kwenye sura ya mbele, shika kichwa cha gridi, kivute kipite usawa wa tano. Alama za mikato nazo zina kituko chao, kwani zimewekewa skeli ambayo ikizidiwa zinajificha. Plani ya 1:100 unaziona, ya 1:200 huzioni.

Lile pazia moja ambalo sitalipita haraka ni templeti ya mwonekano, yaani mipangilio iliyohifadhiwa inayotawala mionekano mingi, maana linavunja moyo kuliko yote. Umeshafanya kila kitu sawa. Umebonyeza V na G, dirisha la kategoria limefunguka, unaona kabisa kategoria ya mabomba haina tiki. Unataka kuitia tiki, haikubali, kila kitu kimefifia. Au mbaya zaidi, umefanikiwa kubadilisha, kazi imekwenda vizuri, kesho yake hali ya zamani imerudi kwa sababu mtu ameitia templeti upya. Templeti ni mwenye nyumba. Wewe ni mpangaji, unaweza kupanga viti lakini huwezi kubomoa ukuta. Angalia kwenye sifa kama jina la templeti limeandikwa. Kama lipo, una njia mbili: kubadilisha templeti yenyewe, ambayo itabadilisha kila plani inayoitii, pengine plani 40 za mtu mwingine, au kuiondoa kwenye mwonekano wako, na ukafanya hivyo kwa ruhusa. Nimeona mtu akibadilisha templeti ili aone sinki moja, na siku ya kuchapisha seti nzima ikatoka na fanicha ndani ya michoro ya nondo.

Ndani ya dirisha hilo hilo kuna kichupo cha filta, mwisho mwisho huko ambako hakuna anayefika. Filta ni amri kama hii: kila ukuta ambao jina lake lina neno fulani, usionekane. Aliyeiandika alihama ofisi. Amri imebaki.

Nimalizie upelelezi kwa kisa cha kiwanja, kwa sababu hiki ni chetu kabisa. Mpima ardhi anakutumia faili la mipaka ya kiwanja. Unaliingiza, programu inasema limeingia, na huoni kitu. Unaingiza mara ya pili. Ya tatu. Sasa bonyeza Z na E, ili skrini ionyeshe kila kilichomo. Nyumba yako itageuka kinukta kwenye kona moja, na kona ya pili ya skrini kuna kinukta kingine: viwanja vyako vitatu, vimelaliana.

Mpima hakukosea. Amechora kwa koodineti za UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini, na kwa mfumo huo Dar es Salaam iko zaidi ya mita milioni 9.2 kwenye mhimili wa kaskazini. Nyumba yako iko sifuri. Revit yenyewe huanza kulalamika vitu vikitawanyika zaidi ya maili 20, mistari inaanza kutetemeka na vipimo kukosa uhakika, na wewe umemwekea kilomita elfu kadhaa. Usiuburute ule mchoro kwa mkono kama gunia. Futa nakala zote, liunganishe faili la mpima kama kiungo, katikati kwa katikati, lisogeze likae chini ya nyumba, halafu mwambie Revit achukue koodineti kutoka kwenye kiungo hicho. Nyumba inabaki karibu na kitovu chake, na koodineti halisi anazijua.

Mtaniuliza, na wanaotumia ArchiCAD, ile programu nyingine ya majengo, je? Ugonjwa ni huo huo, majina yamebadilika. Huko mtaanzia kwenye leya, kisha mipangilio ya ghorofa ambayo kitu kimeambiwa kionekane, kisha kichujio cha ukarabati. Kuchora upya kumekatazwa huko pia.

Yule kijana wa saa nne usiku, mnataka kujua ukuta wake ulikuwa wapi? Nilimuuliza fremu ina rangi gani, akasema haina. Balbu, hakuna. Jedwali, akauona, mita 6.4, upo. Taaluma sawa, awamu sawa. Nikamwambia afungue mkato, atazame ukuta umesimamia wapi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. "Kaka, upo kwenye paa." Alipokuwa akiunyoosha jana yake, alibadilisha usawa wake wa chini bila kujua, ukapaa na kukaa juu ya kenchi, wima, umetulia, umbali wa ghorofa nzima kutoka kwenye msumeno wa plani yake. Aliushusha kwa kubadilisha neno moja kwenye sifa. Saa nne na dakika ishirini alikuwa anachapisha.

Sasa fungueni kompyuta. Kwenye kila moja kuna faili la nyumba ya vyumba vitatu, na nimeficha humo vitu 11, kila kimoja kwa njia yake. Jedwali la mwanzo ninalo mimi hapa, limeshachapishwa. Chai italetwa saa nne na nusu. Mtakapomaliza nitapita na jedwali langu nikilinganisha na la kila mmoja wenu, na atakayekuwa na milango minane badala ya saba tutaongea.